“Peleka Ofisini”

Ilikuwa Jumanne, saa tatu kasoro robo asubuhi. Sakafu ya wodi ilikuwa bado inanuka Jik. Zamu ya usiku ilichelewa kukabidhi kwa sababu mtoto wa kitanda cha 6 alihitaji kuongezwa damu alfajiri, na sauti ya daktari ilikuwa tayari inasikika ngazini, anapanda kuja kuanza raundi. Mimi ndiye inchaji, msimamizi wa wodi, na mkononi nina mafaili kumi na moja.

Mlangoni akasimama msichana. Sketi nyeusi, blauzi nyeupe iliyopigwa pasi ikakubali, bahasha ya kaki kifuani.

Alikunja goti kidogo, kama wafanyavyo wasichana waliolelewa huku kwetu, akasema, “Sista, habari za asubuhi. Samahani, mimi nimemaliza diploma ya uuguzi, nilikuwa naomba...”

“Peleka ofisini,” nikamwambia.

Sikumwangalia usoni. Macho yangu yalikuwa kwenye toroli, nahesabu vichupa vya artesunate, dawa ya malaria kali.

Akasema asante. Nikamsikia akishuka ngazi kwa vile viatu vya kisigino kifupi ambavyo mtu huvaa siku ya usaili na siku ya ibada tu. Ko, ko, ko, mpaka chini.

Wiki tano zimepita na bado namsikia.

## Boksi chini ya meza

Mwenzangu uliyewahi kutafuta kazi ya unesi hapa Uganda unajua “ofisini” ni wapi. Ni boksi. Mimi nililiona mara ya kwanza miaka minane iliyopita, hospitali nyingine, mji mwingine. Lilikuwa boksi la karatasi za fotokopi, limesukumwa chini ya meza, na katibu alikuwa ameegemeza mguu juu yake. Nilipomkabidhi bahasha yangu aliinua mguu, akaitumbukiza, akaurudisha.

Kwa serikali, njia yenyewe inajulikana. Ukitaka hospitali ya wilaya au kituo cha afya unasubiri tangazo la Tume ya Utumishi ya Wilaya. Ukitaka hospitali za rufaa unasubiri Tume ya Huduma za Afya. Unajaza fomu, unaombea jina lako litokee kwenye orodha ya walioitwa. Inchaji wa wodi ya serikali hawezi kuajiri hata mfagiaji, na ukimfuata utamkosesha amani bure.

Nazungumzia huku kwingine, kwenye hospitali za dini na za watu binafsi, ambako wengi wetu huanzia. Kampala peke yake kila dini ina kilima chake na kila kilima kina hospitali yake: Mengo tangu 1897, Nsambya tangu 1903, Rubaga, Kibuli. Huko pia inchaji hasaini barua ya ajira. Anayesaini ni mtu wa utawala, baada ya metroni, mkuu wa wauguzi, kukubali. Lakini metroni atakubali nini kama hakuna aliyemwambia kuna pengo? Na pengo anaanza kuliona nani?

Anaanza kuliona yule anayepanga rota, ratiba ya zamu.

Mimi nilihitaji karibu mwaka mzima kulielewa hilo. Nilidhani nafasi za kazi ziko mahali fulani zimefungiwa kabatini, mtu ana ufunguo, nami sijui jina lake. Kumbe nafasi zinazaliwa wodini. Sista mmoja ana mimba ya miezi saba, na sheria inampa siku 60 za kazi za likizo ya uzazi. Mwingine wa cheti amepata nafasi ya kurudi shule kusomea diploma. Halafu kuna Julai. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, na wilaya yoyote ikitangaza kazi baada ya hapo, sisi wa hospitali za misheni tunaanza kuhesabu nani ataondoka, maana mshahara wa serikali na pensheni yake hatuuwezi. Tangazo la wilaya linalowakusanya watu elfu kwa nafasi kumi ni hilo hilo linalofungua nafasi kwetu. Sijamsikia mwalimu yeyote wa chuo akilisema hilo darasani.

## Bahasha ishirini na tatu

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa konstebo wa polisi, na nilizaliwa kwenye yunipoti, vile vibanda vya bati vya mviringo ambavyo mchana ni tanuri na usiku ni friji. Ndiyo maana Kiswahili changu kiko hivi kilivyo. Kambini Mwacholi, Mteso, Mlugbara na Mnyankole wote walikutana katika lugha hiyo, kisha ukitoka nje ya geti unaifunga mdomoni, kwa sababu mjini watu wakisikia Kiswahili wanasikia askari. Au mwizi.

Nilipomaliza chuo nilisubiri matokeo, nikasubiri kusajiliwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga, nikasubiri leseni. Leseni ilipotoka nikaanza kutoa fotokopi Wandegeya. Bahasha ishirini na tatu. Kwenye wasifu niliandika Kiingereza, Luganda na Ateso. Kiswahili nilikiacha.

Zote zilikwenda “ofisini”. Hakuna iliyojibiwa, hata kwa kukataliwa.

Mara moja, kwenye korido ya hospitali nisiyoitaja, bwana mmoja aliyevaa kitambulisho shingoni aliniambia nafasi ipo ila wakubwa wanahitaji chai. Chai yenyewe milioni mbili. Nilirudi kambini nikamwambia mama. Mama aliitazama cherehani yake, akanyamaza. Nasema kweli na nisifanywe mtakatifu: tungekuwa nazo, ningelipa. Kilichoniokoa na dhambi hiyo ni umaskini.

Kumfuata inchaji mwenyewe hakukunijia kabisa. Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu nadhani ndipo tatizo linapoanzia. Chuoni, inchaji ndiye mtu anayekurudisha utandike kitanda upya mbele ya wagonjwa kwa sababu kona ya shuka haikukaa. Ndiye anayekagua kucha. Ukimwona anakuja upande huu, wewe unakwenda ule. Tunamaliza miaka mitatu tukiwa hodari wa kumkwepa, kisha siku moja tunatakiwa tumkaribie na kumwambia tunataka kufanya kazi chini yake.

Nilijaribu mara mbili. Wa kwanza alikuwa kwenye kupokezana zamu. Aliniambia mbele ya wauguzi sita kwamba wodi si soko. Wa pili alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, “Kwa hiyo unataka nini?” Nikasema, “Kazi yoyote, Sista.” Akatikisa kichwa akaondoka. Niliumia sana siku ile. Leo ningekuwa yeye, nami ningeondoka. Kazi yoyote ni kazi ipi? Mimi nina mtoto mwenye degedege kitanda cha 3 na mwingine wa kuanzishiwa oksijeni. Anayetaka kazi yoyote simjui nimweke wapi.

## Mkono wa mtoto

Mara ya tatu sikuwa nimekwenda kuomba. Nilikuwa nimemaliza kupeleka bahasha ya ishirini na tatu, mvua ikaanza, nikakaa kwenye benchi la korido nje ya wodi ya watoto nisubiri ipungue.

Kitanda cha kwanza kilikuwa karibu na mlango, ulioachwa wazi. Mama alikuwa amempakata mtoto wa kama miaka miwili mwenye dripu ya sukari. Mama yule alikuwa akimtazama kila muuguzi aliyepita, anafungua mdomo, anaufunga. Mwishowe akanitazama mimi.

“Dada,” akasema, “mukono ya mutoto inavimba. Luganda mi sijue.”

Kiswahili cha Kongo, cha upande wa Bunia, kama nilivyokuja kujua baadaye. Nikainuka nikachungulia. Mkono ulikuwa umejaa kama andazi, ngozi inang’aa, plasta imezama ndani. Kanula ilikuwa imetoka kwenye mshipa, na maji yalikuwa yanaingia kwenye nyama.

Kile kigurudumu cha kufungia dripu kilikuwa sentimita thelathini kutoka kwenye kidole changu.

Sikukigusa. Nilikwenda haraka hadi meza ya wauguzi, nikasema, “Samahani Sista, mimi si mfanyakazi hapa. Kitanda cha kwanza, mkono wa kushoto, dripu imetoka mshipani na inaendelea kwenda. Mama hajui Luganda, anaongea Kiswahili.” Mama mmoja mnene mwenye miwani akaniangalia mara moja tu, akaenda, akafunga, akaitoa kanula, akauinua mkono wa mtoto juu ya mto. Alipoanza kutafuta mshipa mpya akaniita nimtafsirie.

Wenzangu tunabishana kuhusu jambo hili mpaka leo. Wapo wanaosema nilikosea: unafunga kwanza, maelezo baadaye, sekunde ishirini ni sekunde ishirini. Wengine wanasema mtu asiye wa wodi hagusi kitu cha mgonjwa, basi. Mimi mwenyewe siku hizi nadhani ningefunga. Lakini yule mama wa miwani, ambaye ndiye aliyekuwa inchaji, alipomaliza alivua glavu akaniuliza, “Kwa nini hukufunga?”

“Kwa sababu hamnijui.”

Hakusema vizuri, hakusema vibaya. Akauliza kama nina leseni.

## Kilo kumi na moja

Nilikuwa nayo kwenye mkoba, ndani ya nailoni. Aliisoma tarehe yake. Akaniuliza chanjo ya homa ya ini B nimepata dozi ngapi. Nikasema mbili, ya tatu bado. Kisha akaelekeza kidevu kwa mtoto yule yule. “Malaria kali. Artesunate unampa kiasi gani?”

“Miligramu 2.4 kwa kila kilo, Sista. Mwanzo, baada ya saa 12, baada ya saa 24.”

“Huyu ana kilo 11.”

Nikarudia 2.4.

“Tatu,” akasema. “Walio chini ya kilo 20 ni miligramu tatu kwa kila kilo. Imebadilika tangu 2015.” Daftari langu la chuo lilikuwa na mwongozo wa zamani, nami nilikuwa nimelikariri kama sala.

Nilijua nimeshindwa. Nikatoa kalamu nikaandika 3 kwenye kiganja, kwa sababu karatasi zote nilizokuwa nazo nilikuwa nimezitia kwenye bahasha na kuzigawa. Akakitazama kiganja changu.

“Kazi sina,” akasema. “Njoo Jumatatu saa nane mchana. Saa nane, si asubuhi. Asubuhi sina hata muda wa kukojoa.”

Baadaye sana, tulipokuwa tumezoeana, nilimuuliza ni nini hasa kilimfanya aniite. Nilitegemea aseme Kiswahili, au kile kiganja. Alifikiri, akasema, “Ulisema kitanda cha ngapi na mkono upi.”

## Bila mshahara

Sasa ile sehemu isiyo tamu.

Jumatatu ile haikunipa kazi. Ilinipa kujitolea, miezi minne, shilingi 5,000 ya nauli kwa siku na chakula cha mchana. Posho, yaani ugali, na maharage. Nilifanya zamu kamili kama waajiriwa. Mwezi wa tano sista mmoja alikwenda likizo ya uzazi, inchaji akapanda juu kwa metroni akasema, “Ninaye mtu, tayari anaijua wodi,” na nikapata mkataba wa miezi mitatu. Huo ukazaa mwingine.

Kila ninaposimulia habari hii kwa vijana huwa naona macho yao yanameremeta, nami huona haya kidogo. Kwa sababu miezi ile minne niliiweza kwa sababu moja tu: nilikuwa na kitanda cha bure ndani ya yunipoti ya baba yangu. Darasani kwetu kulikuwa na mwenzangu kutoka Kaabong, mkono mwepesi kuliko wangu. Mishipa ya vichanga alikuwa anaipata mara ya kwanza wakati mimi nachoma mara tatu. Naye aliambiwa aje ajitolee, kwenye hospitali nyingine. Chumba mjini alikuwa analipa laki na nusu. Alivumilia wiki sita, akapanda basi akarudi kwao. Mara ya mwisho kuongea naye alikuwa anauza dawa dukani.

Kwa hiyo nikimwambia kijana “mfuate inchaji, onekana, anza hata bure,” ninamwambia nani? Ninamwambia mwenye shangazi Kampala. Na hospitali inapata mikono ya bure, na mimi inchaji rota yangu inajaa, na hakuna mtu anayeuliza tena kwa nini kuna pengo. Volantia akijichoma sindano usiku, faili lake la utumishi liko wapi? Hana.

Nimekataa kuchukua mtu wa kujitolea zaidi ya mwezi mmoja. Metroni wetu anasema nina jeuri. Pengine. Pengine pia ninawafungia mlango ule ule nilioingilia mimi. Silali vizuri upande wowote wa jambo hili.

## “Huyu ni wako?”

Nimekaa kwenye kiti hiki miaka miwili sasa, na najua pia kwa nini mdomo ulinitoka haraka vile Jumanne ile.

Mwaka juzi nilimwombea kijana mmoja. Mcheshi, mwepesi, wagonjwa walimpenda, kila bibi anamwita “musawo wangu”, yaani daktari wangu. Nilipanda kwa metroni mwenyewe. Miezi miwili baadaye, zamu ya usiku, daktari aligundua kwamba chati za watoto wanne zilikuwa na joto lililoandikwa saa nane, saa kumi na saa kumi na mbili, nadhifu kabisa, na kipimajoto cha wodi kilikuwa kimeharibika tangu jioni.

Metroni hakunigombeza. Aliniita, akazigeuza zile chati zinielekee, akauliza, “Sista, huyu ni wako?”

Ndiyo gharama ambayo mtafuta kazi haioni. Anadhani anaomba dakika tano. Anachoomba ni jina langu, nilibebe ngazi mbili juu, nilitue mezani kwa mtu mwingine. Ndiyo maana mtu akija na bahasha nene na sauti ya kuomba msamaha, jibu jepesi ni ofisini. Ofisi haina jina la kupoteza.

Lakini yule wa Jumanne hakuwa ameniomba jina. Hakumaliza hata sentensi.

Ningependa angekuja saa nane mchana, dawa za mchana zimeshapita na raundi imekwisha. Ningependa angeanza na jina lake, leseni yake, na wodi aliyoipenda alipokuwa mwanafunzi. Aniulize ni lini nategemea mtu kuondoka, swali ambalo sijawahi kuulizwa na ambalo ningelijibu. Na badala ya bahasha aniachie kipande cha karatasi chenye namba ya simu, kidogo cha kubandika pembeni ya rota. Bahasha haibandikiki. Haya yote angeyajulia wapi? Mimi niliyajua kwa sababu mvua ilinyesha.

## Kumi na wanane

Wiki ya pili nilishindwa kuvumilia. Nilishuka ofisini kwetu nikamwambia katibu nataka kuona maombi ya wauguzi. Akacheka, akalivuta boksi kwa mguu. Kumbe hata letu liko chini ya meza.

Nilipekua muda wangu wote wa chai. Wasichana, diploma, waliomaliza karibuni: kumi na wanane. Kila barua ina picha ya pasipoti iliyobanwa pembeni. Blauzi nyeupe, nywele zimevutwa nyuma, uso mkavu kama alivyoagizwa na mpiga picha. Nilizipanga mezani safu tatu za sita sita.

Sikuwa nimemwangalia usoni.

Viatu vyake ningevitambua hata leo.

Tangu hapo nimebandika karatasi kwenye mlango wa wodi: wanaoulizia kazi waje Alhamisi saa nane mchana. Wamekuja wanne. Mmoja bado hana leseni, nikamwambia arudi ikitoka. Mmoja alikuja na mjomba wake, na mjomba ndiye aliyeongea. Wawili niliongea nao vizuri, mmoja akanirekebisha kuhusu dozi ya dawa fulani na alikuwa sahihi, nikaandika kiganjani ili acheke.

Kwenye rota ya mwezi ujao kuna mistari miwili niliyoiandika kwa penseli, ya Sista anayekwenda kujifungua na ya mwingine aliyeitwa na wilaya. Nimepeleka majina juu, pamoja na sharti kwamba walipwe tangu siku ya kwanza. Metroni amesema tutaongea. Hiyo ilikuwa Ijumaa.